Mahali Ugomvi Ulipo: Kupanga Ardhi ya Bonde la Zigi kwa Algoriti za Mageuko

Mto Zigi unaanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, pande za Amani. Unateremka kupitia mashamba ya viungo na mahindi ya Muheza, na kabla haujaingia baharini huko Amboni unazuiwa kwenye bwawa la Mabayani. Maji ya bwawa hilo ndiyo Jiji la Tanga linayoyategemea, kuanzia Ngamiani mpaka Chumbageni. Kwa hiyo mkulima anapofyeka mteremko mlimani ili apande mahindi, tope la mteremko ule linamfikia mama anayekinga ndoo mjini. Na mtu wa mjini anapodai maji safi, anadai, ajue asijue, kwamba kuna mtu mlimani aache kulima mahali fulani. Mimi ni mpangaji wa matumizi ya ardhi. Nimekaa katikati ya madai haya mawili kwa miaka kadhaa, na ninaandika haya kwa sababu kuna njia ya hesabu iliyonisaidia kuliko semina zote nilizohudhuria. Ningependa afisa ardhi wa wilaya, au kijana wa kamati ya kijiji mwenye kompyuta ya kawaida, aijue na aitumie.

Kijiji ninachokisimulia sikitaji jina, maana mipaka ya mashamba ya watu si jambo la kuanika. Kiko upande wa Muheza, chini ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Juu kuna msitu, chini kuna barabara, na katikati kuna kila kitu ambacho familia ya Kibondei au ya Kisambaa inaishi kwacho: iliki na mdalasini, karafuu, pilipili manga inayopanda miti, migomba, mihogo, mahindi kwenye miteremko, magimbi kwenye mabonde yenye maji. Iliki ina tabia yake. Hupenda kivuli, kwa hiyo miaka ya mwanzo mkulima huacha miti mikubwa na kufyeka chini tu. Udongo ukichoka na mavuno yakipungua, ile miti ya kivuli nayo huangushwa, mahindi yanaingia, na masika yanaukuta udongo uko wazi. Ukilijua hilo unaelewa kwamba ugomvi wa huku hauko kati ya shamba na msitu tu. Kuna shamba linaloshika udongo na kuna shamba linaloupeleka mtoni, na yote mawili kwenye ramani huandikwa "kilimo".

Sheria inampa mwanakijiji nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, mpango ni wa Halmashauri ya Kijiji ikisaidiwa na kamati yake na timu ya wilaya, na haupiti mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uukubali. Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita. Ugumu uko pale ambapo ramani ya hali ilivyo imekwishachorwa, na sasa lazima ichorwe ya hali itakavyokuwa.

Hapo ndipo njia ya kawaida inapokwama. Mtaalamu anachukua vigezo vyake, yaani mteremko, udongo, umbali wa barabara, ukaribu na mto, anakipa kila kimoja uzito, anazidisha, anajumlisha, na programu inamtolea ramani moja yenye rangi nzuri. Uzito umetoka wapi? Umetoka kichwani mwake, au kwenye dodoso lililojazwa na wataalamu wenzake. Akishasema maji yana uzito wa 0.4 na chakula 0.3, ameshaukata ugomvi wote kabla mwanakijiji hajafungua mdomo, tena kwa namna ambayo hakuna anayeiona. Ramani inabandikwa ukutani mkutanoni, watu wanaulizwa wanaikubali ama la. Wakikataa, hawana cha kulinganisha nacho waseme wanataka nini badala yake. Wakikubali, hawajui wameachilia nini. Ninaamini kabisa kwamba mipango mingi inayolala kabatini imelala kwa sababu hii, si kwa ukaidi wa wananchi kama inavyosemwa. Na kuna kasoro ya kihesabu juu ya hiyo ya haki: ukijumlisha kwa uzito, ipo mipango mizuri ya katikati ambayo hutaifikia hata ubadilishe uzito mara ngapi, kwa sababu ya umbo la mpaka wa mipango bora, nitakaoueleza mbele.

Basi kwa nini tusichore mipango yote inayowezekana, kisha tulinganishe? Chukua kijiji cha hekta 1,000. Kikate kwa miraba ya mita 30 kwa 30, ambacho ni kipimo cha data ya mwinuko iliyokusanywa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, na ambayo wengi wetu bado tunaitumia kwa kuwa ni ya bure. Unapata miraba zaidi ya 11,000. Kila mraba ukiwa na matumizi matano tu ya kuchagua, idadi ya mipango inayowezekana ni namba yenye tarakimu zaidi ya 7,700. Hakuna kompyuta itakayoimaliza.

Algoriti za mageuko, yaani hatua za hesabu ambazo kompyuta huzifuata kwa kuiga mageuko ya viumbe, hazijaribu kuimaliza. Wazo lake ni la zamani. John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan aliliweka kwenye misingi ya hesabu kufikia mwaka 1975, akiiga namna viumbe vinavyobadilika kizazi hadi kizazi. Unaanza na kundi la mipango, tuseme mia moja, mingi ikiwa mibaya. Unaipima. Iliyo bora inapewa nafasi ya kuzaa: unachukua kipande cha mpango huu na kipande cha ule, unaviunga, unapata mpango mtoto. Hapa na pale unabadilisha eneo dogo kwa bahati nasibu, ili kundi lisibaki la ndugu watupu. Unapima tena, unachuja, unaendelea kwa mamia ya vizazi. Nilipoyaeleza haya kwenye kamati ya matumizi ya ardhi, mzee mmoja alinikatiza: "Mwanangu, si ndiyo kuchagua mbegu huko? Unavuna, unatenga masuke mazuri, unayatundika juu ya meko, mwakani unapanda hayo hayo." Nikamwambia ndiyo, mzee, ni hivyo hivyo. Akatulia kidogo, kisha akauliza: "Lakini mimi natafuta suke kubwa. Wewe unatafuta kubwa la nini?"

Sijapata swali bora kuliko hilo kwa mtu yeyote, msomi au asiye msomi. Mpango wenye chakula kingi unaweza kuwa ndio unaochafua mto, na unaolinda mto ukawa ndio unaopunguza chakula. Jibu lililofanya kazi ni kutolazimisha ubora uwe mmoja. Mpango unahesabiwa umeshindwa pale tu panapokuwa na mwingine ulio sawa nao au zaidi kwa kila lengo, na unaouzidi waziwazi kwa angalau lengo moja. Ambao haujashindwa na wowote, unabaki. Iliyobaki kwa pamoja inaitwa mpaka wa Pareto, kwa jina la mchumi wa Kitaliano Vilfredo Pareto: ukiwa juu ya mpaka huo, huwezi kuongeza kimoja bila kupunguza kingine. Mwaka 2002 Kalyanmoy Deb na wenzake watatu walichapisha algoriti iitwayo NSGA-II. Inapanga mipango kwa matabaka kufuatana na nani kamshinda nani, inawatunza washindi wa vizazi vilivyopita wasipotee, na mipango miwili ikiwa tabaka moja inaupendelea ule ulio peke yake kuliko uliosongamana na wengine, ili mpaka wote uonekane mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2004 Theodor Stewart, Ron Janssen na Marjan van Herwijnen walitoa njia ya kutumia algoriti za kijenetiki, ambazo ni aina ya hizi za mageuko, kupanga matumizi ya ardhi yenye malengo mengi. Kwa hiyo zana zilikuwapo. Kilichobaki ni kuzileta Zigi.

Kazi ngumu haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa kukubaliana malengo ni yapi, na machache kiasi gani. Malengo yakiwa mengi, karibu kila mpango unakuwa na kitu kimoja unachowashinda wenzake, kwa hiyo hakuna unaoshindwa, na uchujaji unakosa nguvu. Zipo algoriti za baadaye, kama NSGA-III ya mwaka 2014, zilizotengenezwa kwa hali hiyo. Lakini hata mashine ikiweza, binadamu aliyekaa kwenye benchi la shule hawezi kulinganisha mipango kwa mambo sita kwa wakati mmoja. Tukabaki na matatu.

La kwanza ni thamani ya mazao, ya kula na ya kuuza. La pili ni udongo unaopotea, tukitumia mlinganyo wa Wischmeier na Smith wa Marekani unaozidisha nguvu ya mvua, aina ya udongo, urefu na ukali wa mteremko, uoto, na hatua za uhifadhi. Kwa mlinganyo huo iliki ya kivulini na mahindi ya wazi haviwezi kuwekwa fungu moja. Tuliligawa neno "kilimo" mara tatu: kilimo mseto chenye miti, mahindi ya wazi, na mahindi kwenye matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Kugawa huko peke yake kulibadilisha mazungumzo, kwa sababu mtu aliyekuwa akiambiwa "acha kulima" sasa alikuwa akiulizwa alime kwa namna ipi.

Lengo la tatu lililetwa na kamati. Mama mmoja alisikiliza maelezo yangu ya mazao na udongo mpaka mwisho, akasema: "Mazuri yote hayo. Nani atahama?" Basi lengo la tatu likawa usumbufu: ni kaya ngapi zitakazolazimika kubadili matumizi ya shamba lao ili mpango utimie. Mipango miwili inaweza kuwa sawa kwa mazao na sawa kwa udongo, mmoja ukagusa kaya chache na mwingine ukapindua nusu ya kijiji. Kwa ramani ya uzito tofauti hiyo haionekani kabisa. Hapa ilipewa mhimili wake.

Yaliyobaki yaliingizwa kama masharti, na mpango usioyatimiza unaondolewa hata kabla ya kupimwa. Nyumba, shule, msikiti, kanisa na makaburi havibadilishwi. Mpaka wa hifadhi haubadilishwi. Na kuna mita 60 za kingo za mito kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Sharti hili la mwisho lilikuwa na uzito wake, maana magimbi hulimwa humo humo bondeni, na mabonde ya kijiji kile yako mikononi mwa akina mama. Kuchora mstari wa mita 60 na kuendelea mbele ni kumnyang'anya mama shamba huku ramani nzima ikionekana safi. Kamati ikaweka sharti jingine la kuambatana nalo: mpango wowote unaoondoa eneo la bondeni lazima uoneshe eneo mbadala lenye unyevu, ndani ya umbali wa kutembea kutoka kitongoji kile kile. Mipango mingi ilianguka kwa sharti hilo, na ilistahili kuanguka.

Hapo hapo nilijifunza jambo ambalo sasa siwezi kufanya kazi bila kulizingatia. Jumla huficha. Thamani ya mazao ya kijiji kizima inaweza kupanda huku kitongoji kimoja kikibeba hasara yote. Kwa hiyo badala ya kupima jumla peke yake, tuliitaka algoriti ichunguze kitongoji kinachofanya vibaya kuliko vyote katika kila mpango, na isiruhusu kishuke chini ya hali yake ya sasa. Ni mistari michache tu ya programu. Lakini usipoiandika, mashine itapeleka hasara kule ambako ni rahisi kuipeleka, na kwa kawaida ni kwenye kitongoji cha mbali, chenye mteremko mkali, ambacho mjumbe wake hafiki mkutanoni kwa sababu ya njia.

Kuna mambo ya ufundi ambayo anayetaka kujaribu anapaswa kuyajua mapema. Algoriti hii ikipewa miraba bila kuambiwa lolote kuhusu ujirani, inakutolea mpango wenye mraba wa msitu katikati ya mahindi na mraba wa mahindi katikati ya msitu. Kwa hesabu ni sawa, kwa mkulima na kwa mnyama wa msituni ni upuuzi. Lazima ipendelee maeneo yaliyoshikana. Badiliko la bahati nasibu nalo lifanyike kwenye kingo, eneo likue au lipungue kuanzia mpakani mwake, badala ya mraba mmoja kuruka katikati ya shamba la mtu. Na uunganishaji wa wazazi wawili ukifanywa kwa kipande kizima, kwa mfano kijito kimoja na miteremko yake miwili, watoto wanaozaliwa wana akili zaidi kuliko ukichanganya mraba kwa mraba.

Lililonifurahisha kuliko yote ni suala la kundi la kuanzia. Vitabu husema anza na mipango ya bahati nasibu. Sisi tuliweka humo pia ramani ya hali ilivyo, pamoja na ramani ambazo wanakijiji walizichora wenyewe kwa kalamu za rangi kwenye karatasi za manila, wazee peke yao, akina mama peke yao, vijana peke yao. Tuliziingiza moja moja kwenye QGIS, programu ya bure ya kuchorea ramani. Ramani hizo zilikuwa mababu. Vizazi vilipopita, ilionekana wazi vipande vya ramani ya akina mama, hasa namna walivyopanga miti ya kuni karibu na nyumba na juu ya chemchemi, vikiendelea kuishi ndani ya mipango mizuri mpaka mwisho. Sikuwaambia hivyo ili kuwapendeza. Ilikuwa kwenye data, nikawaonesha kwenye ramani, mraba kwa mraba.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike. Watu wakisikia kompyuta inapanga ardhi, wanatarajia itoe mpango bora. NSGA-II haitoi mpango bora, inatoa kundi zima la mipango ambayo hakuna unaomshinda mwenzake. Na ukiirudia kwa mbegu nyingine ya bahati nasibu, yaani namba nyingine ya kuanzishia, inatoa kundi jingine lisilo sawasawa na la kwanza. Wapo wanaoichukia kwa sababu hiyo. Mimi ndipo nilipoipendea, maana swali la kuiuliza si "mpango upi?" Swali ni hili: katika mipango yote mizuri, ya mizunguko yote, ni mraba upi umepewa matumizi yale yale kila mara, na ni upi unaobadilika?

Nilichora ramani ya jibu hilo. Mraba wenye matumizi yasiyobadilika nikauacha mweupe, unaobadilika nikaupaka rangi, kadiri unavyobadilika zaidi ndivyo rangi inavyokolea. Kijiji kile kilikuwa kimegombana kwa miaka kuhusu mgongo wa mlima unaopakana na hifadhi. Kila kikao kilianzia huko na kuvunjikia huko. Kwenye ramani yangu mgongo ule ulikuwa mweupe. Kila mpango mzuri, uwe wa kupendelea chakula au wa kupendelea maji, uliuacha na miti, kwa sababu mteremko wake ni mkali kiasi kwamba mahindi ya pale hayalipi hata kwa mtu asiyejali mto. Tambarare ya barabarani nayo ilikuwa nyeupe, kila mpango uliipa mahindi. Rangi ilikolea kwenye ukanda wa miteremko ya kati, juu kidogo ya vijito vinavyoingia Zigi, mahali ambapo hakuna kikao kilichowahi kupazungumzia kwa sauti. Pale ndipo chakula na maji vilipokuwa vinanyang'anyana kweli. Mraba uleule, ukilimwa wazi, unaleta mavuno ya maana na tope la maana.

Tulipoibandika ramani ile kwenye mti mbele ya ofisi ya kijiji, wazee wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mgongo wa mlima waliisimamia muda mrefu. Mwenyekiti alichofanya baadaye kilikuwa cha busara: aliondoa mlima kwenye ajenda. Alisema kwa mlima kila mtu anataka kitu kimoja ila anakisema kwa maneno tofauti, tuzungumze miteremko ya kati. Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu, watu walipandisha sauti, lakini walikuwa wanagombania kitu kilichopo.

Mpaka wa Pareto wenyewe tuliuchora kwenye karatasi ya manila, mavuno upande huu, udongo unaopotea upande ule. Umbo lake lilieleza mengi. Mwanzoni, ukitoka kwenye hali ya sasa, unapunguza udongo unaopotea kwa kiasi kikubwa bila kugusa mavuno, maana unahamisha tu mahindi ya wazi kutoka mahali pabaya kwenda mahali pazuri, na unaweka matuta pale yanapolipa. Halafu mstari unapinda. Baada ya hapo kila kiasi cha udongo unachookoa kinakula mahindi mengi zaidi kuliko kilichotangulia. Wataalamu hupaita goti, na wengi hushauri uchague hapo hapo gotini. Mimi sikushauri. Nilieleza gharama ya kusogea upande huu na upande ule, nikakaa chini. Naliona kuwa ni jambo la heshima: mtu anayekula mahindi yale miezi ya njaa kabla ya mazao ya masika kukomaa ndiye anayejua kiasi gani cha mahindi ni kingi mno kukipoteza.

Mkutano Mkuu haukuchagua mpango wowote kati ya ile iliyokuwa ukutani. Ulichukua mmoja wa karibu na goti na kuurekebisha kwa mkono. Njia ya kwenda chemchemi ilipanuliwa. Kipande cha miteremko ya kati kiliachwa kwenye mahindi kwa miaka ya mwanzo, kwa kuwa ni cha wajane na mdalasini huchukua miaka kabla ya kuvunwa. Eneo la malisho ya mbuzi lilisogezwa karibu na kitongoji cha juu. Kila pendekezo lilipotolewa, tuliliingiza kwenye kompyuta na kusoma kwa sauti limeongeza nini na limepunguza nini. Mapendekezo mengine waliotoa wenyewe waliyaondoa waliposikia gharama. Mengine waliyashikilia huku wakiijua. Kwa lugha ya algoriti, mpango uliopitishwa ulikuwa umeshindwa: ipo mipango inayouzidi kwa malengo yote matatu. Lakini malengo matatu hayakuwahi kuwa maisha yote ya kijiji. Ninauheshimu mpango ule kuliko wowote niliowahi kushiriki, kwa sababu waliokuwapo mkutanoni walijua bei ya kila mstari uliochorwa.

Nataka pia niwaonye wenzangu kuhusu namba zinazoingia. Bei ya iliki na karafuu hupanda na kushuka bila huruma. Mpango uliopimwa kwa bei ya mwaka mzuri utajaza viungo kila mahali. Ninachofanya ni kuipa algoriti bei ya chini, ya kati na ya juu, kisha kuangalia ni nini kinachobaki vilevile. Miteremko mikali ilibaki na miti kwa bei zote, jambo lililotupa ujasiri. Sehemu ya miteremko ya kati iligeuka kufuatana na bei, na tukaiandika hivyo hivyo kwenye taarifa ya mpango: eneo hili litazamwe upya bei ikibadilika. Sioni sababu ya kuchora mstari mnene mahali ambapo hesabu yenyewe inayumba.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuwepo kwenye vikao vyote hivi, naye ni mnywaji wa maji wa Tanga mjini. Masika yanapochafua mto, kusafisha maji yale kunahitaji dawa nyingi zaidi, na tope linalotua Mabayani linapunguza nafasi ya maji ndani ya bwawa. Gharama hiyo ipo na inalipwa mjini. Mlimani ipo gharama nyingine, ya mkulima anayeacha mahindi ya wazi na kusubiri mdalasini ukomae. Mpaka wa Pareto unaonesha kiwango cha kubadilishana kati ya hizo mbili: kwa miraba hii, tope linapungua hivi, mahindi yanapungua vile. Ni hesabu inayoweza kuwekwa mezani kati ya wakulima wa juu na wenye kuhitaji maji chini, ili anayesaidia alipe kwa ajili ya eneo fulani lenye faida fulani, badala ya kugawa miche kila mahali na kupiga picha. Wakulima wa Kihuhwi, mto unaoingia Zigi, na wa Zigi wenyewe wana umoja wao wa uhifadhi, kwa hiyo mwenye nia ya kuzungumza nao hakosi pa kuanzia. Ningetamani sana kuona mazungumzo hayo yakifanyika ramani ile ikiwa mezani.

Kwa sasa kazi iko ng'ambo. Vijito vya miteremko ya kati vina kingo mbili, na kingo ya pili ni ya kijiji jirani ambacho bado hakina mpango. Mto ukipimwa upande mmoja, nusu ya tope haijahesabiwa. Kamati ya kijiji cha kwanza ndiyo iliyokwenda kuzungumza na wenzao, mimi nikiwa nyuma, na ramani walizopewa wajumbe wa huko hazikuwa za mpango wetu. Walipewa karatasi za manila tupu na kalamu za rangi.